MASHUA ISIYO NA NAHODHA NA MVUA YA MAVUNO

Mahindi hukauka shambani Kitale, lakini mvua inayoyaozesha huanza kujikusanya mbali sana, katika Bahari ya Hindi. Makala hii yaeleza jinsi mafundi wanavyounda vyombo vinavyotumia nguvu ya jua na kukaa baharini miezi mingi bila mtu, na kwa nini mkulima wa skimu apaswa kuijua habari hiyo.

Mkulima, hebu fikiri juu ya mwezi wa 10 na mwezi wa 11. Mahindi uliyopanda mwisho wa mwezi wa 3 au mwanzo wa mwezi wa 4 yamekwisha komaa. Mbegu zetu za nyanda za juu, kama ile H614 ambayo sote twaijua, hukaa shambani miezi 6 au 7. Umelipa trekta, umelipa mbegu, umelipa mbolea ya kupandia na ya kukuzia, na vibarua wa palizi nao wamechukua chao. Gharama yote imekwisha kuingia ardhini, na bado hujapata hata shilingi moja.

Wakati huo unahitaji kitu kimoja tu, nacho ni jua. Ukipata majuma matatu ya jua na upepo, mahindi yaliyosimama au yaliyokatwa na kupangwa matita hukauka vizuri. Lakini mvua ikinyesha majuma hayo matatu, mambo huharibika. Maji huingia ndani ya maganda, punje huanza kuota zikiwa juu ya gunzi, na kuvu hushika. Kuvu nyingine huleta sumu iitwayo sumukuvu, ambayo haionekani kwa macho na haiondoki kwa kupika. Mahindi ya kuwekwa ghalani yatakiwa yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Mahindi yenye maji zaidi ya hapo hukataliwa na mnunuzi, au hununuliwa kwa bei ya kukuumiza.

Basi swali la mkulima wa Kipsongo, wa Kiminini, au wa skimu za Ndalu, Naitiri na Tongaren upande wa Bungoma, ni hili: je, mwaka huu mwezi wa 10 utakuwa wa jua au wa mvua? Na je, naweza kujua mapema, kabla mawingu hayajaonekana juu ya Mlima Elgon?

BAHARI NA SHAMBA LAKO

Kutoka Kitale hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 850 kwa barabara, na wakulima wengi hawajaiona bahari. Hata hivyo bahari ndiyo inayotuma sehemu kubwa ya mvua za mwisho wa mwaka katika Afrika Mashariki.

Chukua karai pana lenye maji, kisha upulize kwa nguvu kutoka upande mmoja. Utaona maji yakisukumwa kwenda upande wa pili. Bahari ya Hindi ni kama karai hilo. Katika mwaka wa kawaida, pepo zinazovuma karibu na ikweta mwisho wa mwaka husukuma maji ya moto kwenda mashariki, upande wa Indonesia. Huko hewa hupata joto na unyevu, mawingu hukua, na mvua nyingi hunyesha huko huko.

Lakini miaka mingine pepo hizo hulegea au hugeuka. Maji ya moto hubaki upande wetu wa Afrika, na upande wa Indonesia hupoa. Mvua nazo hufuata joto. Mwaka 1999 wataalamu waliokuwa wakifanya kazi Japani, yaani Saji, Yamagata na wenzao, waliieleza hali hiyo na kuipa jina la Daipoli ya Bahari ya Hindi. Maana yake ni kwamba bahari ina pande mbili, upande mmoja ukipata joto wa pili hupoa.

Huenda ukadhani kwamba digrii moja ya joto ni kitu kidogo. Kwa chai ya kikombe kimoja ni kidogo. Kwa bahari nzima ni joto jingi mno. Mwaka 1961 hali hiyo ilitokea, na mafuriko yakaikumba Kenya na jirani zake. Ziwa Victoria lilipanda kwa zaidi ya mita 2 kufikia mwaka 1964. Mwaka 1997 ilitokea tena, pamoja na El Niño ya Bahari ya Pasifiki, na wazee wengi bado wakumbuka madaraja yaliyochukuliwa na maji. Mwaka 2019 tofauti ya joto kati ya pande mbili za bahari ilipita digrii 2. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba 2019 ardhi iliporomoka katika Pokot Magharibi, jirani zetu wa kaskazini, na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha.

Bahari ikigeuka upande wa pili, mvua za mwisho wa mwaka hupungua. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2022, wakati sehemu za kaskazini na mashariki ya Kenya zilipokuwa katika ukame wa misimu 5 mfululizo.

Sasa sikiliza jambo lenye faida. Maji hayapati joto upesi wala hayapoi upesi. Bahari ikianza kugeuka mwezi wa 6 au wa 7, mara nyingi hukaa hivyo hadi mwezi wa 11. Kwa hiyo mtu anayeipima bahari katikati ya mwaka aweza kusema jambo la maana juu ya mvua ya mwezi wa 10. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Siku hizi twajua dalili iliyo mapema zaidi ya hiyo, nayo ni joto la maji ya bahari.

KUPIMA BAHARI NI KAZI GHALI

Ni nani basi atakayekaa katikati ya Bahari ya Hindi kila siku, mchana na usiku, akitia kipima joto majini?

Zamani kazi hiyo ilifanywa na meli. Kati ya mwaka 1959 na 1965 mataifa mengi yalishirikiana katika Safari ya Kimataifa ya Uchunguzi wa Bahari ya Hindi, na meli 40 hivi zilishiriki. Lakini meli hula mafuta na ina mabaharia wa kulishwa na kulipwa. Hupima pale ilipo leo, na kesho imekwisha kuondoka. Hapa kwetu Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, iliyo Mombasa, ina meli iitwayo Mtafiti iliyotoka Ubelgiji. Meli moja haiwezi kuwa kila mahali.

Baadaye yaliwekwa maboya makubwa. Katika Bahari ya Hindi kuna mpango wa maboya uitwao RAMA, ulioanza mwaka 2004. Kila boya limefungwa kwa kamba ndefu na nanga nzito chini ya bahari, mahali penye kina cha kilomita kadhaa. Boya hupima upepo na mvua, na joto la maji kutoka juu hadi chini, kisha hutuma habari kwa setilaiti. Ni kazi nzuri, lakini boya lahitaji meli kulitembelea na kulitengeneza. Miaka ya maharamia wa Somalia meli zilishindwa kufika upande wetu wa magharibi, na maboya mengi yaliyokusudiwa huko yakachelewa. Wavuvi wengine huyafungia mashua zao na kuyavunja. Ugonjwa wa korona ulipokuja mwaka 2020, safari za kuyahudumia zilisimama na vipimo vikapungua.

Kuna pia vyombo vya Argo, karibu 4,000 katika bahari zote za dunia. Kila kimoja huzama hadi mita 2,000, na kila siku 10 huja juu kikipima maji, kikatuma habari na kuzama tena. Lakini chombo cha Argo huenda kule mkondo wa maji unakokipeleka. Huwezi kukiambia, "Nenda ukakae mahali fulani."

Setilaiti nayo huona uso wa bahari tu, kama mtu anayeangalia shamba kutoka barabarani. Huona majani, lakini udongo ulio chini haujui.

Kwa hiyo wataalamu walitaka chombo kinachokaa baharini kama boya na kutembea kama meli, bila mtu ndani na bila kudai mafuta. Chombo hicho ndicho mashua isiyo na nahodha.

HESABU YA SOLA

Wengi wenu mna sola juu ya bati, kwa hiyo hesabu hii si ngeni kwenu. Paneli ya wati 100, siku nzuri ya jua, hufanya kazi sawa na saa 5 hivi za jua kamili. Yaani kwa siku nzima huleta wati 500 za saa moja. Umeme huo watosha taa, redio na simu za nyumba, na hata unabaki.

Sasa chukua injini ya mashua ya wavuvi yenye nguvu za farasi 8. Injini hiyo hutumia karibu wati 6,000. Ukigawanya utaona kwamba kazi ya paneli kwa siku nzima ingeiendesha injini hiyo kwa dakika 5 tu. Basi fundi anayetaka kuvuka bahari kwa jua lazima asahau mwendo wa kasi.

Tena maji yana sheria yake. Ukitaka chombo kiende mara mbili ya mwendo wake, hutahitaji nguvu mara mbili, utahitaji karibu mara nane. Na ukikubali kwenda nusu ya mwendo, utatumia sehemu moja tu kati ya nane. Ndiyo sababu vyombo hivi vyote huenda polepole, kama mtu anayetembea kwa miguu. Afadhali chombo kiende kilomita 4 kwa saa na kufika, kuliko kwenda 20 na kuzimika siku ya pili.

Usiku pia lazima uhesabiwe. Jua huchwa saa 12 za jioni, lakini upepo na mkondo havilali. Chombo kisichokuwa na betri ya kutosha hupotezwa njia gizani. Kwa hiyo umeme wa mchana hugawanywa. Sehemu ya kwanza ni ya kompyuta na vipimo, ambavyo havitakiwi kuzimwa. Ya pili ni ya kutuma habari, na ya tatu ndiyo ya mwendo. Siku za mawingu mwendo ndio unaonyimwa kwanza, kama vile katika mwaka mbaya mwenye shamba hupunguza matumizi ya starehe lakini haigusi mbegu.

NJIA TATU ZA KWENDA

Mafundi wamejaribu njia tatu, na kila moja ina funzo lake.

Njia ya kwanza ni sola na propela. Huko California, Marekani, fundi mmoja aitwaye Damon McMillan alijiundia mashua ndogo isiyofika mita 3 kwa urefu, akaiita SeaCharger. Hakupewa kazi hiyo na serikali wala kampuni. Ilikuwa na paneli mbili bapa juu yake, betri, na propela ndogo. Mwaka 2016 aliiachilia pwani ya California, nayo ikaenda peke yake hadi visiwa vya Hawaii, safari ya zaidi ya kilomita 3,500. Kisha akaiagiza iendelee kwenda New Zealand. Ilivuka sehemu kubwa ya Pasifiki, lakini kabla ya kufika usukani wake ukaharibika, nayo ikaokotwa na meli ya mizigo. Angalia vizuri kilichoshindwa. Si paneli wala betri wala kompyuta, bali ni usukani, yaani kitu kinachogeuka kila dakika ndani ya maji ya chumvi. Tangu hapo kila fundi ajua kwamba chombo cha miezi mingi chatakiwa kiwe na vitu vichache sana vinavyosogea.

Njia ya pili ni mawimbi. Kampuni ya Liquid Robotics, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2007, huunda chombo kiitwacho Wave Glider. Kina sehemu mbili. Ya juu huelea kama ubao na imefunikwa kwa paneli za sola. Ya chini imening'inia mita kadhaa ndani ya maji, nayo ina mabawa. Wimbi likiinua sehemu ya juu, mabawa ya chini huinama na kuisukuma mbele. Wimbi likishuka, huinama upande mwingine na kuisukuma mbele tena. Mwendo ni wa bure kabisa, na umeme wote wa jua hubaki kwa vipimo. Chombo kimoja cha aina hiyo, kilichoitwa Papa Mau, kiliondoka San Francisco mwezi wa 11 mwaka 2011, kikafika Queensland, Australia, mwezi wa 11 mwaka 2012. Kilikwenda zaidi ya kilomita 16,000 bila mtu na bila tone la mafuta.

Njia ya tatu ni upepo, nayo ndiyo ambayo mabaharia wetu wa Lamu na Mombasa wangeitambua mara moja, maana majahazi yao yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi kwa karne nyingi. Mwingereza Richard Jenkins, ambaye mwaka 2009 aliendesha gari la tanga nchi kavu kwa kasi ya kilomita 202 kwa saa, aligeuza ujuzi huo kuwa mashua iitwayo Saildrone. Ile ya kawaida ina urefu wa mita 7. Tanga lake si la kitambaa. Ni bawa gumu lililosimama wima, lenye kimo cha mita 5 hivi. Upepo huisukuma, na paneli za sola hulisha kompyuta na vipimo vya upepo, joto, chumvi na mawimbi.

Mwezi wa 1 mwaka 2019 mashua moja ya aina hiyo iliachiliwa kusini mwa New Zealand, ikaizunguka Antaktika yote na kurudi baada ya siku 196. Ilikwenda zaidi ya kilomita 22,000 katika bahari yenye dhoruba kuliko zote. Tarehe 30 Septemba 2021 nyingine ilipelekwa ndani ya kimbunga Sam katika Bahari ya Atlantiki. Mawimbi yalifika mita 15 na upepo ukapita kilomita 190 kwa saa, nayo ikaendelea kupima na kutuma picha.

ADUI ZA CHOMBO

Usidhani kwamba kazi imekwisha. Chombo kikaacho baharini kina adui wanne.

Adui wa kwanza ni chumvi. Hula chuma, huingia katika nyaya, na hukausha ukungu mweupe juu ya paneli.

Adui wa pili ni vitu viotavyo. Acha kitu chochote baharini mwezi mmoja, utakuta majani na wadudu wa magamba wameshika chini yake. Chombo huwa kizito na kipima joto hufunikwa. Ndiyo sababu wenye majahazi tangu zamani hukipandisha chombo pwani, wakakikwangua na kukipaka shahamu. Mashua isiyo na mtu haina wa kuikwangua, kwa hiyo hupakwa rangi maalumu, na bado yarudishwa nyumbani kila baada ya miezi kadhaa.

Adui wa tatu ni ndege wa baharini, ambao huona paneli kuwa mahali pazuri pa kupumzika. Mavi yao huzuia jua kama vile vumbi la barabara linavyozuia jua juu ya sola yako. Tofauti ni kwamba wewe una ngazi na kitambaa.

Adui wa nne ni binadamu. Meli kubwa yaweza kuigonga mashua bila kujua, na mtu aweza kuichukua. Mwezi wa 9 mwaka 2022 meli ya Iran ilizichukua mashua mbili za aina ya Saildrone zilizokuwa zikitumiwa na jeshi la majini la Marekani katika Bahari ya Shamu, na kuziachilia siku iliyofuata. Hapo twaona kwamba chombo kinachopima hali ya hewa na chombo cha ulinzi vyaweza kuwa na umbo moja, na mataifa hutazamana kwa shaka. Kipimo kizuri chahitaji pia mapatano mazuri.

HABARI ZINAVYOFIKA KITALE

Mashua hupima, kompyuta yake hufupisha, na setilaiti hupokea. Kutoka hapo vipimo huingia katika mtandao wa mashirika ya hali ya hewa ya dunia, pamoja na vile vya maboya, vya Argo na vya vituo vya nchi kavu, kikiwamo kituo cha Kitale. Kompyuta kubwa hukokotoa jinsi bahari na hewa zitakavyokwenda. Wataalamu wa nchi zetu hukutana katika kituo cha IGAD kiitwacho ICPAC na kutoa utabiri wa msimu. Kisha Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri wa nchi, na mkurugenzi wake katika kila kaunti huufafanua kwa watu wake. Mwezi wa 8 mwaka 2023 ICPAC ilitangaza kwamba mvua za mwezi wa 10 hadi wa 12 zaelekea kuzidi kawaida, na zilipofika zilizidi kweli.

Lakini twapaswa kusema ukweli wote. Kazi kubwa ya mashua hizi imefanywa katika Pasifiki, Atlantiki na bahari ya kusini kabisa. Upande wetu wa Bahari ya Hindi bado wategemea zaidi maboya, Argo na setilaiti, na ni mahali ambapo chombo kinachoweza kukaa na kutembea kingesaidia sana.

Tena mvua zote hazitabiriki sawasawa. Mvua za mwisho wa mwaka hufuata bahari kwa karibu, na wataalamu huzikisia vizuri. Mvua za kupandia, za mwezi wa 3 hadi wa 5, ni ngumu zaidi. Na mvua zetu za katikati ya mwaka hutegemea pia hewa yenye unyevu itokayo magharibi, upande wa Kongo. Kwa hiyo usitegemee bahari ikuambie siku ya kupanda. Itegemee zaidi kukuonya juu ya mavuno.

Jua pia namna ya kuusikia utabiri. Ukisikia kwamba kuna uwezekano wa asilimia 60 wa mvua kuzidi kawaida, hukuahidiwa mvua. Umeambiwa kwamba katika miaka 10 inayofanana na huu, miaka 6 hivi ingekuwa ya mvua nyingi na 4 isingekuwa. Mwenye busara hujitayarishia ile 6, naye hakasiriki ikitokea ile 4.

MAMBO YA KUFANYA

1. Kila mwaka, mwisho wa mwezi wa 8 au mwanzo wa mwezi wa 9, uliza utabiri wa mwezi wa 10 hadi wa 12. Usikilize redioni, au uende kwa afisa wa kilimo, yule ambaye wazee wetu walimwita Bwana Shamba. Uliza swali moja: "Bahari ya Hindi imeelekea upande gani mwaka huu?"

2. Ukiambiwa kwamba mvua yaelekea kuzidi, usingoje mahindi yakaukie shambani hadi mwisho. Toa punje kwenye gunzi uangalie kitako chake. Ukiona alama nyeusi, hindi limekwisha komaa na halitaongezeka uzito tena. Vuna, menya maganda, uweke magunzi katika ghala jembamba la fito lisilozidi mita 1 kwa upana, lenye paa zuri, upepo upite.

3. Nunua turubai mapema. Mvua ikianza, kila mtu hulitafuta na bei hupanda. Uliza pia katika Bodi ya Nafaka na Mazao juu ya mashine za kukaushia, na gharama yake kwa gunia. Wakulima watano wakienda pamoja, gari moja lawatosha.

4. Pima unyevu kwa chumvi. Chukua chupa kavu yenye kifuniko, tia mahindi hadi theluthi moja, kisha vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu. Tikisa kwa dakika chache, acha itulie dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana maji mengi. Isiposhika, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi. Anika siku moja au mbili zaidi kabla ya kuyatia ghalani.

5. Ikiwa shamba lako liko katika mteremko wa Elgon au wa Cherangani, au karibu na mto Nzoia, zibua mifereji kabla ya mwezi wa 10. Na nyumba isiyo mahali salama ijulikane mapema, watoto wasilale humo usiku wa mvua kubwa.

6. Weka kipima mvua na daftari. Andika kila asubuhi saa 3. Mashua hupima bahari, lakini hakuna mashua itakayopima shamba lako. Daftari la miaka 10 litakuonyesha ni miaka gani bahari ilisema kweli kwa Kipsongo, na ni miaka gani haikusema.

Mafundi wanaounda vyombo hivi wamejifunza kutumia kidogo, kwenda polepole na kukaa muda mrefu, ili jambo la mwezi wa 10 lijulikane mwezi wa 8. Miezi hiyo miwili ndiyo faida yako. Yatosha kujenga ghala na kununua turubai, lakini yakipita bure, hakuna chombo baharini kitakachoyakausha mahindi yako.